Jogoo Aliye Kwenye Kioo Ni wa Pasi Yangu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Makumbusho,
Jengo lenye nguzo mbele na uwanja wangu nyuma.

YAH: KURUDISHIWA JOGOO WANGU, AU NICHUKULIWE NA MIMI

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, shati limekukaa vizuri mabegani. Nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye dobi wako. Tunafahamiana kwa nguo kuliko kwa sura: wewe unamtuma dereva na mfuko, mimi nakurudishia mfuko na dereva. Kwa miaka ishirini na miwili nimefua nyuma ya ukuta wa makumbusho, kwenye uwanja wenye kamba sita, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Mtu mzima akinyamaza muda wote huo, halafu siku moja akaenda dukani kununua bahasha, ujue maji yamezidi unga.

Kisa chenyewe unakijua nusu. Mji wetu umekaa juu ya watu wa kale. Walichimba dhahabu kule kilimani, wakaiyeyusha, wakajenga kuta ambazo leo ni magofu, wakaenda zao bila kutuachia hata kipande. Siku hizi kila mstaafu ambaye magoti yake bado yanakunjika amejiunga na kile chama cha kutafuta mali za wahenga. Wengine wanaingia kijitoni na karai kuchekecha mchanga. Wengine wamenunua zile mashine zenye mkono mrefu na sahani chini, ambazo hulia zikinusa chuma ardhini. Ukiwauliza wanatafuta nini, wanasema hawatafuti mali, wanajiburudisha tu. Sijapata kuona burudani inayomtoa mtu jasho kiasi kile.

Mmoja wao ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, aliyekuwa tarishi wa posta kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka mitatu ametembea na mashine yake. Amepata vizibo vya soda mia nne na kitu, misumari, nusu ya kijiko, na meno ya bandia ambayo mwenyewe alikuwa bado hai na akaja kuyadai. Halafu miezi minne iliyopita, chini ya kamba yangu ya tatu, akachimbua jogoo wa shaba, mdogo wa kukaa kiganjani, kijani kwa kutu. Akakimbia naye mpaka ofisini kwako bila viatu. Mkamsafisha, mkapiga picha, mkamweka kwenye kioo. Leo jogoo huyo ana taa yake peke yake, na mimi napiga pasi kwa mwanga wa dirishani.

Mheshimiwa, jogoo huyo si wa mfalme. Ni wa pasi yangu. Ni lile komeo linalokaa mbele ya pasi ya mkaa, linalofunga kifuniko ili makaa yasimwagike. Alitoweka mezani kwangu katika mazingira ya kutatanisha, ambayo sitayaingia sana hapa, siku chache tu kabla "hajagunduliwa". Sisemi shemeji ni mwizi. Mke wangu ameshanionya: "Ukimtaja kaka yangu kwa ubaya, utakula hizo pasi zako." Kwa hiyo namtaja kwa wema, na malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili usipotee.

1. Pasi yangu haifungi. Pasi isiyo na komeo ni kama mdomo wa mlevi, hufunguka mahali usipotaka. Nimeifunga kwa waya, waya unapata moto kuliko pasi yenyewe, na vidole vyangu sasa havisikii hata sindano. Mwezi wa kwanza kaa moja liliruka likatua kwenye joho la hakimu, upande wa kukalia. Nililikunja kwa ustadi mkubwa nikamrudishia. Hakimu akahukumu watu wiki nzima akiwa amelikalia lile tundu, na mimi nikawa nakwenda kusikiliza kesi nisizozijua, nikimwombea asisimame. Alisimama siku ya Alhamisi. Tangu hapo tukikutana njiani ananitazama kama mtu anayekumbuka kifungu cha sheria.

2. Kibao mlichoandika kinasema uongo. Kimeandikwa: "Jogoo wa Enzi. Matumizi hayajulikani, huenda ni ya ibada." Matumizi yanajulikana, Mheshimiwa. Yanajulikana na kila mtu aliyewahi kupigiwa nguo pasi kabla umeme haujafika, na hata baada ya kufika, maana umeme wetu huja kama mgeni na kuondoka kama mwizi. Kinyozi wa jirani alimtambua jogoo siku ya kwanza kabisa. Akaniita pembeni akasema, "Dobi, yule si wa pasi yako yule?" Nikamwambia ndiye. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi nyamaza. Wageni wanaokuja kumwona wananyolewa kwangu."

Mtaalamu mliyemleta ni mtu mstaarabu, sina ugomvi naye, ila amezaliwa na swichi mkononi. Alikuja uwanjani kwangu na daftari. Akasimama mbele ya meza yangu, pasi inatoa moshi, kifuniko kimefungwa waya mahali pale pale ambapo jogoo angekaa, akaniuliza kama nimewahi kusikia habari zozote za jogoo katika eneo hili. Nikamjibu kwa adabu kwamba mimi nasikia jogoo kila siku saa kumi na moja alfajiri. Akaandika. Sasa fungua kile kijitabu mnachowapa wageni, ukurasa wa nne: "Wenyeji wanaamini kwamba Jogoo wa Enzi bado huwika alfajiri." Mwenyeji ndiye mimi, na jogoo ni wa fundi viatu.

3. Maandishi ya kale yasiyosomeka. Hili ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu linagusa kazi yangu. Kijitabu kinasema kwamba tumboni mwa jogoo kuna mistari mitatu na nukta moja, na kwamba huenda mistari ni wafalme watatu na nukta ni jua. Mheshimiwa, mistari mitatu na nukta ni alama yangu ya dobi. Zamani tulikuwa madobi wawili kwenye meza moja, pasi zetu zilikuwa zikichanganyikana, ndipo nikachukua tupa nikamchora jogoo wangu. Alama hiyo hiyo naishona kwa uzi mwekundu ndani ya kola ya kila nguo inayopita mikononi mwangu, halafu pembeni naweka alama ya mwenye nguo ili shati la mwalimu lisiende kwa mchinjaji.

Huna haja ya kuniamini. Funga mlango wa ofisi, vua shati ulilovaa, geuza kola. Utaona wafalme watatu na jua. Pembeni yao utaona kimsalaba kidogo. Hicho ni chako wewe, na maana yake ni "huyu hataki wanga, anawashwa shingo". Kwa hiyo, kwa tafsiri ya mtaalamu wako, kola yako inasema kwamba wafalme watatu chini ya jua wanawashwa shingo. Na kama maandishi haya ni ya kale, basi mji mzima unatembea na maandishi ya kale shingoni, pamoja na hakimu, na itabidi mjenge vioo vingi.

4. Uwanja wangu umeingiliwa. Tangu jogoo aingie kwenye kioo, chama chote cha wastaafu kimehamia chini ya kamba zangu. Wanakuja na mashine zao asubuhi, saa ile ile ninayoanika. Sasa wewe ni mtu msomi, hebu fikiri: juu kumeanikwa suruali ishirini zenye zipu, chini mtu anapita na mashine inayonusa chuma. Zinapiga kelele kutwa. Mwalimu mstaafu wa hesabu alichimba shimo la kufika magotini kwa sababu ya zipu ya suruali yake mwenyewe. Siku nyingine mashine ililia kwa nguvu sana chini ya kamba ya tano, wote wakakusanyika, wakavua kofia, na kumbe juu yao imetundikwa sidiria ya mama mmoja mheshimiwa ambaye sitamtaja, ila alikuwa anapita barabarani na akaona wanaume wanane wamesimama chini yake kwa heshima. Ameacha kuleta nguo kwangu. Simlaumu.

Na wale wa kijitoni hawana afadhali. Mimi husuuza pale juu, wao huchekecha pale chini. Juzi mmoja alipiga yowe, akatoka majini akimwonyesha kila mtu karai lake. Kweli lilikuwa linametameta. Nilikuwa nimetoka kusuuza gauni la bi harusi, lile lenye vimetameta kuanzia kifuani mpaka chini. Nilimwambia ukweli. Akaniambia, "Wivu huo, dobi." Mpaka leo ameviweka kwenye kichupa na hanisalimii.

5. Uzio. Hapa sasa sicheki, na naomba na wewe usicheke. Wiki iliyopita ofisi yako ilinibandikia tangazo. Halikubandikwa mlangoni, lilibanwa kwenye kamba kwa kibanio changu mwenyewe. Linasema kuanzia Jumatatu ijayo uwanja ni eneo la kihistoria, utazungushiwa uzio kwa ajili ya uchimbaji wa kitaalamu, na shughuli zote za kufua, kuanika na "kumwaga vimiminika" zitakoma. Vimiminika vyenyewe ni maji ya wanga.

Mheshimiwa, mimi sina uwanja mwingine. Nyumba yetu ni vyumba viwili, na dirisha moja linatazama ukuta. Nguo za familia arobaini zinakaukia pale. Watoto wangu wamesomeshwa na kamba zile sita. Mkizifunga, mwanamume wa miaka hamsini na nane nitakwenda wapi kujifunza kazi mpya? Mnafunga uwanja wa mtu kwa sababu ya komeo la pasi lililochimbuliwa kwenye kina cha shubiri moja. Watu wa kale wako chini zaidi ya hapo, Mheshimiwa. Hata nikichimba shimo la nguzo ya kamba nawakosa.

6. Hata hivyo, mimi si mbishi. Nimekaa nikafikiri, labda nyinyi wasomi mnaona nisichokiona. Basi tukubali kwamba jogoo ni wa enzi. Lakini jogoo akiwa wa enzi, pasi aliyokaa juu yake ni ya enzi pia, maana jogoo haendi peke yake. Pasi ikiwa ya enzi, meza ni ya enzi. Blanketi la juu ya meza ni la enzi, na kwa kweli ukiliona utakubali. Na mtu aliyeshika vitu vya enzi kwa miaka ishirini na miwili bila kunyang'anywa na yeyote, huyo kwa desturi za falme zote ndiye mwenye enzi. Sikutaka kufika huku, nyinyi ndio mmenifikisha. Mke wangu ameshaanza kukataa kuteka maji kwa kisingizio hicho.

Kwa hiyo naomba mojawapo ya mambo mawili, kabla ya Jumatatu.

Ama mnirudishie jogoo wangu, mng'oe kile kibao, na uzio muupeleke kwa watu wenye mambo ya kale ya kweli. Pale sokoni kuna mizani inayohitaji kuchunguzwa.

Au, mkikataa, mnichukue na mimi. Mniweke kwenye kioo pamoja na pasi, meza, ndoo mbili, na kikombe changu cha chai. Nitakuwa nafua humo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na kioo kiwe na tundu la moshi. Wateja wangu waingie bila tiketi. Na chini yangu mweke kibao kinachosema: "Dobi. Matumizi hayajulikani."

Nisalimie karani wa tiketi, umwambie gauni lake la zambarau liko tayari. Nisalimie mlinzi wa geti, aache kuweka kalamu isiyo na kifuniko mfukoni. Nisalimie dereva wako, mtaalamu na daftari lake, na watumishi wote wa hapo. Nisalimie na yule bwana wa kioo cha kwanza mlangoni, ambaye amebaki fuvu tu lakini ndiye pekee hapo anayejua ukweli wote na hawezi kuusema.

Nabaki wako mtiifu, katika wanga na mvuke,

Dobi wa Nyuma ya Ukuta
(mistari mitatu na nukta)

Nyongeza baada ya sahihi:

Mheshimiwa, nilikuwa nimeshalamba bahasha, shemeji akaingia. Ameleta shati lake jeupe. Kesho Jumamosi kuna wanafunzi wa shule mbili, na unajua kwamba kila Jumamosi yeye husimama pembeni ya kile kioo na kuwaeleza wageni alivyomchimbua jogoo. Bila shaka unamwona. Ameniwekea shati mezani akasema, "Shemeji, linyooshe vizuri hilo, maana watu wananisubiri."

Nikageuka nikajifanya natafuta mkaa. Mtu huyu alisubiriwa na mji mzima kwa miaka thelathini na mmoja. Watu walikuwa wanatoka milangoni wakisikia kengele ya baiskeli yake. Alipostaafu, kila asubuhi saa mbili alikuwa anavaa viatu vyake vya kazi, anakaa kwenye ngazi, na saa nne anavivua. Hakuwa anaumwa, hakuwa analalamika. Mke wangu alikuwa anamwona pale, anaingia jikoni analia. Ile mashine tulimnunulia sisi. Alipochoka kurudi na vizibo, akarudi kwenye ngazi.

Basi niseme. Jogoo hakuibiwa na mtu. Nilimng'oa mwenyewe kwa koleo. Nikamlaza siku tano kwenye chumvi na siki mpaka akawa kijani, maana anayejua kutoa madoa anajua pia kuyatia. Nikamfukia chini ya kamba ya tatu, nikamwagia maji ya wanga udongo ushikane, nikamwambia shemeji sehemu ile naiona ina dalili. Nilitaka afurahi jioni moja tu, halafu tucheke wote, jogoo arudi kazini kwake. Sikujua kama bado ana mbio kiasi kile.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu ni kweli, na nakuomba usitekeleze hata moja. Jogoo abaki na taa yake. Kibao kibaki. Uzio wekeni. Mimi nitaanika kwa mama mkwe, ambaye amekubali kwa masharti kumi na moja, nami nimeyakubali yote kabla hajafika la tatu.

Kama shemeji anajua, sijui. Amekaa hapa mara nyingi nikifanya kazi, na hajawahi kuniuliza kwa nini pasi yangu inafungwa na waya.

Ningeichana barua hii, lakini ameshaiona bahasha. Amesoma anwani, amenyoosha mkono: "Ya makumbusho? Lete, napita huko huko." Utamnyimaje tarishi barua? Miaka thelathini na mmoja hajafungua ya mtu, hawezi kuanza na ya kwangu. Nimemwomba anisubiri niongeze maneno mawili, naye amekaa kwenye kiti mbele yangu, mgongo umenyooka, ananiangalia ninavyoandika. Akikukabidhi, ipokee kwa mikono miwili, mtilie na saini mahali popote atakapokuonyesha. Uisome akishatoka.